Misuko ya Jiwe la Chokaa

Kule Bukavu, Émilienne alisuka nywele za watu kwa miaka kumi na tisa. Sasa, huku Landani, anafuta vioo vya jumba la makumbusho, asubuhi na mapema, kabla wageni hawajafunguliwa mlango. Akitoka nyumbani kwake Lewisham huwa na usingizi machoni, na akiingia chumba cha Wamisri wa kale hajui vizuri kama ameamka au bado anaota. Humo hamna sanamu nzima hata moja. Kuna magoti yasiyo na mtu, sikio, ngumi iliyoshika hewa.

"Mumelalaje?" huwauliza, akipitisha kitambaa taratibu.

Aliyempenda kuliko wote alikuwa kisogo cha mwanamke, cha jiwe la chokaa. Misuko ilishuka myembamba kama mvua, ila mmoja ulipanda juu ya mwenzake, ukakatikia pale jiwe lilipovunjika.

Asubuhi moja Bridget, mtunza sanamu, alikuwa ametandaza mezani vipande vya ghalani. Émilienne akapita na ndoo, akasimama ghafla. Kipande kimoja, kisichozidi kiganja, kilikuwa na msuko ulioteremka kutoka mgongoni mwa mwenzake.

"Yaya, twende," alinong'ona Séraphin, msimamizi wake, Mkongo mwenzake aliyezoea kumwita dada hivyo. "Ile si mambo yetu."

Lakini Émilienne alikwisha kunyoosha kidole. "Madam, hiki na kile cha kabatini ni kichwa kimoja. Ni mkono uleule uliosuka."

Bridget alimtazama, akatazama jiwe, akamtazama tena. Hakucheka.

Baada ya wiki mbili akamwita. Kabati lilikuwa wazi. Bridget alisogeza kipande kile polepole, chokaa ikagusa chokaa, na msuko ukapita juu ya ufa bila kukatika. Émilienne alisikia harufu ya mafuta ya nywele, akahisi uzito wa kichwa cha mtu kikilala kwenye goti lake. Machozi yakamtoka, hata hakuyafuta.

Jumamosi alimleta binti yake, Raïssa, aliyezaliwa hapahapa. Mtoto alizunguka kabati mara mbili, kisha akauliza kwa Kiingereza huyo mama alikuwa nani.

"Jina lake sijui," Émilienne alijibu. "Ila alipokuwa akisukwa, kuna mtu alimwita, naye akageuka, na msuko huu ukapanda juu ya mwenzake."