Wasifu Uliogoma Kuhifadhika

Wiki moja kabla ya siku ninayoisimulia, nilikuwa nimewasha kila ulinzi uliomo kwenye kompyuta ya steshenari yangu pale Majengo. Flashi za wateja zilikuwa zimeniletea virusi, nikaapa hakitaingia kitu tena. Kuapa ni kazi rahisi.

Asubuhi hiyo alikuja mjane kutoka Kasense na shemeji yake, mdogo wa marehemu. Walitaka wasifu wa kusomwa makaburini. Maziko ni saa nane. Shemeji akasimama kama yuko bungeni, akaanza: mcha Mungu, mpatanishi, hakuwahi kugombana na mtu. Nilimfahamu marehemu. Nusu ya Kasense aligombana nayo kwa mipaka ya mashamba. Lakini mimi ni mchapaji tu, nikachapa. Nilipobonyeza kuhifadhi, mashine ikasema faili halionekani. Nikabadilisha jina, ikakataa. Kabla sijajaribu la tatu umeme ukakatika, kurasa mbili zikaenda na maji.

Uliporudi tukaanza upya, na mashine ikagoma vilevile. Hasira zikanipanda, nikaizima kwa kitufe niiwashe upya. Mjinga mimi, nikafuta yote kwa mkono wangu. Saa sita na nusu. Shemeji akatoka nje kupiga simu, kuomba wachelewe kidogo kuzika.

Mjane akavuta kiti.

"Andika, mwanangu," akasema. "Alikuwa mkali. Alininunia msimu mzima kwa ajili ya mbuzi. Lakini nilipougua alinipakia kwenye baiskeli, akanisukuma mpaka hospitali mvua inanyesha, na njia nzima ananigombeza."

Nikachapa huku machozi yananilenga, sikuona haya. Nikabonyeza kuhifadhi, na safari hii nikakisoma kile kitangazo cha pembeni nilichokuwa nakifukuza tangu asubuhi kama nzi: ulinzi umeizuia programu kuandika kwenye folda hii. Ulinzi wangu mwenyewe. Nikaingia kwenye mipangilio, nikairuhusu programu ya kuandikia, faili likahifadhika. Kazi ya dakika mbili.

Shemeji akarudi, akasoma kwenye kioo cha kompyuta, akakunja uso. Akataka nirudishe lile la hakuwahi kugombana na mtu. Mjane akanitazama.

"Samahani, mzee," nikamwambia, nikiwasha printa. "Hilo mashine inalikataa."