Mume Aliyeshukuru Mno

Praxeda Mukasine alizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, kwa wazazi waliokimbia Rwanda wakiwa vijana. Aliolewa hukohuko na Mugenzi, mtoto wa wakimbizi kama yeye, na walipohamia Kigali walikuja na Kiswahili chao kama wengine wanavyohama na kabati. Kinyarwanda kilikuwa cha barabarani na kanisani. Kutaniana, kubembelezana na kugombana kulifanyika kwa Kiswahili, ndani, kwao mtaani Nyakabanda.

Na Mugenzi alijua kugomba. Chai ikipoa, atasema. Pazia likining'inia upande, atasema. Alikuwa fundi wa masofa kule Gisozi, sauti yake nene, kicheko chake kinatangulia yeye mwenyewe kufika. Praxeda, aliyeshona mapazia nyumbani, hakuwa mtu wa kumeza neno. Majirani waliwazoea; siku nyumba ikitulia waliuliza kama kuna mgonjwa.

Ikatokea nyumba ikatulia wiki nzima, na hakukuwa na mgonjwa. Praxeda akajua kuna mwanamke. Aliitwa Keza, muuza vitambaa vya masofa pale mtaa wa Sonatubes. Mugenzi hakuficha.

"Mama Arnaud, moyo wangu umehama," alimwambia siku moja wakiwa mezani. "Sitaki kukudanganya. Natafuta nyumba."

Praxeda alitaka kumrushia sahani. Aliishia kuichukua na kwenda kuiosha.

Kabla hajapata hiyo nyumba, Mugenzi alianguka kazini. Madaktari wakasema figo zake zote mbili zimekufa. Akawa anapelekwa kusafishwa damu kwa mashine, na kila akirudi, amepungua kidogo. Keza alikuja wodini mara moja, akakuta ukoo mzima umezunguka kitanda, akaweka matunda dirishani na kuondoka bila kuketi. Shyaka, mdogo wake Mugenzi, alipimwa, damu haikulingana. Arnaud, mtoto wao wa pekee aliyekuwa akisoma chuo huko Huye, alitaka kupimwa, baba yake akakataa katakata. Praxeda akaenda kupimwa bila kumwambia mtu. Yeye alifaa.

Mama mmoja wa hospitali, ambaye kazi yake ilikuwa kuzungumza na watoaji wa figo, alimkalisha peke yake.

"Kuna mtu amekulazimisha?"

"Hapana."

"Na baada ya hapa, unategemea nini kutoka kwake?"

"Apone tu."

Alilisema kwa moyo mweupe. Lakini alipokuwa akivua hereni zake ili aingizwe chumba cha upasuaji, picha moja ilimjia: Mugenzi amesimama mlangoni, mzima, anamtazama kama alivyokuwa akimtazama Karagwe, macho yakimshuka taratibu kutoka shingoni. Aliifukuza. Ikarudi. Akalala nayo kwenye dawa ya usingizi.

Mugenzi akapona. Rangi ikamrudi, mashavu yakajaa, na ukoo ukakutana kumshukuru Praxeda kwa ng'ombe. Ng'ombe kwa Wanyarwanda hatolewi hivi hivi. Anayempokea na anayemtoa wamefungamana, na watoto wao nyuma yao. Xavérine, dada mkubwa wa Mugenzi, alisimama mbele ya watu na kusema, "Wifi yangu huyu alituzalia mtoto. Sasa ametuzalia na kaka yetu." Watu wakafuta machozi. Kisha akamgeukia Mugenzi. "Na wewe, ukimkosea, umetukosea sote."

Makofi yakapigwa. Praxeda alimtafuta mumewe kwa macho. Naye alikuwa akipiga makofi, polepole, ameinamisha uso, kama mtu anayesomewa hukumu na kuiona ni ya haki.

Tangu siku hiyo Mugenzi hakwenda tena Sonatubes. Hakutafuta nyumba. Vitambaa vya kazi aliagiza kwa mtu mwingine. Nyumbani alikuwa mpole kama mgeni. Chai ikipoa, anakunywa. Pazia likikaa upande, linakaa. Alimletea Praxeda vitenge, viatu, mwavuli, na kila alichompa alikitoa kwa mikono miwili. Kitandani, mkono wake ulifika kwenye kovu la Praxeda ubavuni, ukatulia pale, akasema "asante," na usingizi ukamchukua. Na kama Praxeda ndiye aliyemsogelea, hakukataa. Alikubali kama mtu aliyeitwa jina lake kwenye mkutano.

"Baba Arnaud, wali umeungua," alimwambia siku moja.

"Ni mtamu tu."

"Nimeuunguza makusudi."

Mugenzi aliinua kijiko, akatafuna, akameza. "Basi umeunguza vizuri."

Praxeda alicheka, halafu akaona kwamba hakuwa anataniwa. Alikwenda jikoni akasimama na kukamata ukingo wa meza. Alikuwa amempa mtu huyu uhai, na katika kumpa akamnyang'anya neno moja, hapana. Mtu asiyeweza kukukatalia, akikwambia ndiyo, amekwambia nini?

Wazo la kwenda kwa Keza lilimjia akiwa kwenye cherehani, na alipolipata hakulingoja lipoe. Alipanda pikipiki mpaka Sonatubes. Keza alikuwa akikunja vitambaa. Alipomwona, akaweka mikono nyuma kama mtoto aliyekutwa na sukari.

"Sijaja kugombana, mdogo wangu," Praxeda alisema. "Nimekuja kukwambia umchukue. Mimi simzuii."

Keza alirudisha mikono kwenye vitambaa.

"Mama, wewe unamleta kwangu?" Kiswahili chake kilikuwa cha Kigali, kilichookotwa dukani. "Mimi nilishamupigia. Nilimwambia kuja. Alisema hawezi, kitu ya wewe, bibi yake, iko ndani yake. Sasa mimi nitashindana na hiyo namna gani? Mimi nilimupatia nini? Matunda."

"Lakini anakupenda."

"Iko ananipenda. Na wewe pia unamupenda. Inasaidia nini?" Macho ya Keza yalijaa maji, akayageuzia rafu. "Rudi nyumbani, mama. Sitaki mwanaume ya kuletewa."

Praxeda alikuwa amekuja na hasira ya akiba, kwa ajili ya majivuno ambayo hakuyakuta. Akajikuta anamsaidia yule binti kukunja kitambaa, huyu anashika ncha hizi, yule zile, mpaka kikaisha.

Alipofika Nyakabanda, Mugenzi alikuwa ameshapika. "Umetoka wapi?" aliuliza.

"Kwa Keza."

Kijiko kikasimama hewani.

"Nimekwenda kumwambia akuchukue," Praxeda aliendelea, na sauti yake ikapanda kama zamani. "Nilikupa kwa sababu nilitaka ubaki, unasikia? Sikuwa mtakatifu. Nilitaka unitazame! Sasa nenda. Sikudai kitu. Nenda!"

Uso wa Mugenzi ukawaka. Mshipa wa shingo ukasimama, mdomo ukafunguka, na Praxeda akahisi mwili wake wote unachangamka. Sasa atafoka, aliwaza. Sasa ataniuliza nani amenipa ruhusa ya kumgawa kama kiti.

Macho ya Mugenzi yakashuka mpaka ubavuni mwa Praxeda, penye kovu. Akafunga mdomo. Mshipa ukalala.

"Niende wapi, Praxeda?" alisema taratibu. "Nikienda popote, nimekwenda na wewe. Kaa, ule. Umechoka."

Akavuta kiti, akamkalisha, akampakulia.

Hiyo ni miaka miwili sasa. Hawajaachana. Kanisani wanatajwa mara kwa mara kama mfano, na wachumba wanaojiandaa kufunga ndoa huletwa kwao kuwasikiliza. Mugenzi huwasimulia kila kitu vizuri, ila Keza hamtaji. Praxeda husikiliza akiwa amekunja mikono mapajani.

Jumapili, wakitoka ibadani, hupanda kilima kwa miguu. Mugenzi ana nguvu na hutangulia bila kujua. Akifika pale barabara inapopinda hukumbuka, husimama, hugeuka, na kumngoja. Praxeda hachoki kupanda. Alishamwambia mara nyingi kwamba hachoki. Mugenzi huitikia kwa kichwa, na hubaki palepale akimngoja, kofia mkononi, mpaka afike.