Chupa Niliyoifuta Kwenye Saa ya Kanisa

Saa ile ililetwa kanisani kwetu Mogitu miaka ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa bidhaa tena. Mwenye baa mmoja wa Katesh alikuwa amenunua televisheni, na saa ikakosa nafasi ukutani. Mtoto wake alikuwa ametoka kuugua sana akapona, basi akaileta kama sadaka ya shukrani. Mimi nilikuwa mwinjilisti, nikaipokea kwa mikono miwili.

Ilikuwa pana kama ungo. Pembeni ilizungukwa na mrija mwembamba wa kioo, na umeme ukiingia, hewa iliyofungwa ndani ya mrija iliwaka nyekundu, duara zima. Umeme wa nguzo haukuwa umetufikia. Tulikuwa na jenereta ya kanisa, kwa hiyo saa ilitembea wakati wa ibada tu. Kila Jumapili nilipanda kwenye benchi nikairekebisha kwa kufuata saa yangu ya mkononi.

Shida ilikuwa tangazo. Katikati ya kioo cha mbele palikuwa pamechorwa chupa ya bia yenye povu, na jina la bia kwa herufi za dhahabu. Niliona haifai watu wasali huku wakitazama pombe. Nikakifungua kioo, mke wangu akakishika magotini, nami nikaanza kukwangua kwa wembe.

"Baba, iache tu," aliniambia. "Hakuna atakayelewa kwa kuitazama."

"Na wale walioacha pombe juzi?"

"Hao wanaijua hata bila picha."

Alicheka, lakini kioo hakukiachia. Nilimaliza chupa, nikamaliza jina, nikasugua kwa majivu mpaka pakawa peupe. Kisha nikaandika kwa rangi ya mafuta: MUNGU YUPO. Nilijisikia nimefanya kazi njema.

Miaka ikapita. Mkoa wetu ulipokatwa kutoka Arusha ukaitwa Manyara, mke wangu alikuwa ameanza kujigonga kwenye miimo ya milango. Daktari alisema ni presha ya macho. Yaliyokwisha kupotea hayarudi, alisema, lakini akipasuliwa mapema, kidogo kilichobaki kitaokolewa. Hospitali yenyewe ilikuwa mbali, na ukame ulikuwa umetumalizia ng'ombe. Kanisani alikaa benchi la mbele upande wa akina mama. Aliniambia uso wa mchungaji hauoni tena, ila lile duara jekundu analiona.

Ndipo akaja mfanyabiashara kutoka Arusha, kijana mwenye heshima, akizunguka Gendabi na kwetu kununua vitu vya zamani: vibuyu vya maziwa, viti vya miguu mitatu, mabati ya matangazo. Alisema wapo watu wanaotafuta saa za matangazo zenye taa kama hizo, na nzima ikipatikana wanailipia vizuri sana. Wazee wa kanisa hawakubishana. Walisema saa iuzwe, mama apelekwe hospitali. Nililia mbele yao bila aibu.

Siku alipokuja kuiona, tuliwasha jenereta. Mke wangu alikaa kwenye benchi lake. Duara likawaka. Yule kijana akasogea, akatabasamu, akasogea tena, tabasamu likafifia.

"Shikamoo tena, mzee wangu," alisema taratibu. "Haya maandishi yametoka wapi?"

"Ya kanisa. Hapo palikuwa na chupa ya bia."

"Ndiyo, chupa. Iko wapi?"

Nilimweleza. Alishika kichwa.

"Mzee, anayenunua saa hii hatafuti kujua wakati. Simu anayo. Ananunua ile chupa na lile jina."

"Haiwezi kuchorwa upya?"

"Watajua. Hiyo ndiyo kazi yao, kujua. Nani aliikwangua?"

Nilifungua mdomo. Mke wangu akanitangulia.

"Tuliikwangua wawili," alisema. "Mimi ndiye niliyeshika kioo."

Kijana hakutaka hata kuichukua. Alituachia sukari kilo mbili, akaondoka. Wazee walichanga walichoweza, lakini njaa ilikuwa ya wote. Tulipofika hospitali hatimaye, mvua mbili zilikuwa zimepita, na daktari aliinua taa yake, akamulika jicho la kulia, akamulika la kushoto, akaizima.

Nimefundisha wengine kushukuru kwa kila jambo. Kwa hili nimejaribu miaka mingi. Ninamshukuru Mungu kwa mke wangu. Kwa wembe ule siwezi.

Saa bado ipo ukutani. Kila Jumapili jenereta ikianza kunguruma, mke wangu hugeuza uso upande ule, pembeni kidogo ya mahali ilipo, na kuniuliza, "Baba, imewaka?"

"Imewaka," namjibu.

Mrija ulikufa zamani.