Mgeni Aliyekataa Kuinuka Kuze

Asubuhi ya harusi ya kakangu, mgeni wangu aliketi katikati ya uchochoro wa mtaa wetu wa Kuze, huku kisiwani, mbele ya mlango wetu, pale pale palipotakiwa kuwekwa masufuria ya biriani, akakataa kuinuka.

Mgeni mwenyewe nilimleta mimi. Kwa hivyo aibu ilikuwa yangu.

Naitwa Swafia. Kazi yangu ni kusoma miamba. Mtaani huniita Bi Mawe, nami nishazoea.

Mwaka juzi nilitumwa milima ya Pokot, kule ardhi inakofuka mvuke. Siku mbili kwa miguu kutoka barabarani. Mtandao hakuna, kivuli hakuna, na mkobani nina kilo tatu za visheti alivyonifungia mamangu, kana kwamba naenda kuposa.

Aliyeniongoza ni Mama Chesang, mfugaji wa mbuzi wa huko huko.

Siku ya nne nikaona jiwe la manjano, zuri ajabu, hatua kumi mbele yangu. Mate yakanitoka. Nikalikimbilia.

"Simama," akasema.

Nikadhani ni utani. Nikanyanyua mguu.

Akanivuta kwa mkoba, nikaanguka kitako. Kisha akarusha jiwe kubwa pale nilipotaka kukanyaga. Ardhi ikamegeka kama ganda la mkate, mvuke ukafoka kupita vichwa vyetu.

Ningeiva kama kaa.

Tulicheka mpaka machozi. Cheko la woga, si la furaha. Visheti tukavimaliza siku hiyo hiyo, na nikamwahidi: kwetu kukiwa na shughuli, utakuja.

Akaja. Na sasa ameketi, hainuki.

Alikuwa amepita pale mara mbili, ndala mkononi, akipiga kisigino chini. "Hapa chini ni tupu," akaniambia. "Msiweke moto."

Katana, mpishi mkuu, akanigeukia. Ana masufuria matatu makubwa, kuni zishapangwa, na watu mia nne wa kulisha baada ya adhuhuri.

"Dada Swafia, wewe ndiye uliyesomea. Twapika ama hatupiki?"

Macho yote kwangu. Nikajitia ujuzi.

"Kisiwa hiki ni jiwe la matumbawe, Katana. Hapa hata ndovu akicheza hapatikisiki. Pikeni."

Wallahi nilisema hivyo. Mbele za watu.

Mama Chesang hakubishana. Alivuta mbuzi ya kukunia nazi, akaikalia pale pale, akatazama mbele kama anayesubiri daktari.

Robo saa ikapita. Vijana wakaanza kunong'ona.

Mamangu akatoka. "Mgeni yuna nini?"

"Asema hapa chini pana shimo."

"Nawe wasemaje?"

"Hapana shimo, mama."

Akafikiri kidogo. "Mambo ya shimo siyajui. Lakini mgeni wangu hainuliwi kwa nguvu mlangoni pangu. Katana, hamisha masufuria."

Katana akahama hadi kona ya madrasa, akinung'unika njia nzima. Mimi nikajificha kwenye vitunguu.

Saa nane, watu washakula, mkokoteni wa maji ukapita pale. Gurudumu likazama. Mwenyewe akaruka pembeni, ardhi ikafunguka, na mitungi ikaporomoka mmoja mmoja. Tukaisikia chini kabisa. Chubwi. Chubwi. Chubwi.

Kilikuwa kisima. Mtu wa zamani alikifunika kwa boriti na udongo, boriti zikaoza, na hapana aliyekijua tena.

Katana alichungulia, akarudi nyuma hatua tatu. Wapishi wake walikuwa sita, na yeye wa saba. Akaondoka, akarudi na sinia la nyama tupu, akaliweka mbele ya Mama Chesang.

Nikamwendea mamangu. "Kwani ulimwamini?"

"Hata kidogo," akasema. "Lakini ni mgeni."

Mama Chesang akanikaribisha siniani. Akala kwanza, ndipo akaniuliza, "Ulisoma miaka mingapi?"

"Kumi na minane."

"Na hawakukufundisha kuvua viatu?"

Nikachukua mfupa.

Basi msomaji wangu, nililosema kuhusu kisiwa ni kweli, ni matumbawe, liko vitabuni. Kosa langu ni kwamba niliulizwa juu ya hatua mbili za ardhi mbele ya mlango wetu, nami nikajibu kwa vitabu, sikuinama hata kugusa. Watu saba wako hai kwa sababu mamangu, asiyejua jiwe hili na lile, alikuwa na adabu kunishinda.