Mstari Chini ya Theluthi

Mama yangu ni Mkristo wa Karusandara. Baba alikuwa Mwislamu, mfanyabiashara wa kahawa pale Bwera. Waliishi katika ndoa miaka mingi, kila mmoja na ibada yake, mimi nikafuata dini ya baba. Aliponipeleka kusoma sheria ya Kiislamu alitamba soko zima, utadhani nimeshakuwa kadhi.

Mwaka wa pili tulifika kwenye mirathi. Nikasoma kwamba asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu, hata akiwa mke wake. Ukurasa uliofuata ukasema mume anaweza kumwandikia wasia, mradi usizidi theluthi ya mali. Nikapiga mstari chini ya sentensi ile.

Likizo baba aliniuliza nimejifunza nini. Nikamweleza habari za riba na mizani, ya wasia nikayameza. Nilimwonea haya, kumtajia mzazi wasia akiwa mzima ni kama kumchimbia kaburi. Kusema kweli, niliwaogopa pia kaka zangu, watoto wa mke mkubwa waliokulia mikononi mwa mama, wasije wakasema nimeenda kusoma ili nimnufaishe mama yangu.

Baba alianguka ghafla stoo, akafa. Baada ya matanga, shehe alinipa heshima ya kusoma mafungu ya mirathi, maana msomi wa familia ndiye mimi. Nikasoma kwa sauti ya darasani, mpumbavu mkubwa: mke mkubwa, fungu lake, sisi watoto, yetu. Mama alikuwa jikoni akitumiminia chai, mlango uko wazi.

Kaka zangu walitaka nyumba iuzwe, nyumba ambayo mama aliikandika kwa mikono yake. Nilimpa fungu langu lote, halikutosha kununua hata chumba kimoja. Wakili mmoja wa Kasese akasema sheria ya serikali inamtambua mjane kama yeye, aende kortini. Mama akakataa kuwashtaki watoto aliowalea.

Siku ya kufunga vyombo nilishindwa kunyamaza. Sikutaka aichukie dini yangu. Nikamwambia sheria haikumtupa, njia ilikuwapo: baba angeweza kumwandikia theluthi.

Akaiacha kamba aliyokuwa anaifunga. "Ulijua hii mambo mbele baba yako akufe?"

Nikasema nilijua, tangu mwaka wa pili.

"Angeandika," akasema. "Baba yako alikuwa anasikilizaka wewe tu."