Mvinyo Mwekundu wa Meza ya Mameneja

Siku yangu ya kwanza katika klabu ya mameneja wa chai, nje kidogo ya Kericho, mkuu wa weita alinisimamisha mbele ya kabati la chupa na kunionya kabla hata hajaniuliza jina. "Nikisikia harufu ya pombe kwa mdomo wako, kesho unarudi kwenu ziwani." Hakuwa anatania. Weita aliyenitangulia alifukuzwa kwa kuonja mabaki ya glasi, na koti nililopewa lilikuwa lake.

Ninyi vijana mnasomea kazi hii chuoni na mnaonjeshwa mvinyo. Sisi tulifundishwa na sahani zilizorudi jikoni. Nilianzia barazani nikipeleka soda, nikapandishwa baa, halafu meza kuu. Huko ndiko nilikokutana na mvinyo mwekundu wa Uhispania, ule unaoitwa Rioja. Huwekwa kwenye mapipa ya mti wa mwaloni mpaka upate harufu ya vanila na ya ngozi mpya. Harufu tuliruhusiwa. Chupa hulazwa ubavu ili kizibo kisikauke, nao hufunguliwa mapema ili upate hewa. Ukipelekwa pamoja na samaki, glasi zilirudi zimejaa nusu. Mpishi akizidisha pilipili, hali ilikuwa hiyo hiyo. Lakini kwa mbavu za kondoo, mbuzi wa kuchoma au jibini gumu, glasi zilirudi tupu na wageni wakasahau kwenda nyumbani. Hivyo ndivyo nilivyojua nini kinaenda na nini, ingawa ulimi wangu haukujua lolote.

Meneja mkuu aliniuliza mara moja mimi mwenyewe nauonaje mvinyo ule. Nikamwambia sijawahi kuuonja. Alicheka, kisha akaona kwamba mimi sicheki. Akashika kiti kilichokuwa karibu na moto.

"Siku yako ya kustaafu, mzee, wewe utakaa hapa na mimi ndio nitakumiminia."

Maneno hayo niliyapeleka laini, kwenye nyumba za wafanyakazi, nikamwambia mke wangu. Naye aliwaambia majirani, na tangu hapo nikawa mtu wa kuulizwa siku hiyo itafika lini.

Ilifika. Mbavu za kondoo nilizichagua mwenyewe, na mke wangu alilipiga koti langu pasi, akalirudia tena. Lakini wageni kutoka makao makuu walizidi viti kwa mtu mmoja, na kiti alichopewa kilikuwa changu. Meneja hata hakunivuta kando.

"Mzee, tusaidie tu kumimina. Hawa vijana watachafua kitambaa."

Nikazunguka meza na chupa. Alinisifu kwa hotuba ndefu, wakainua glasi na kunywa kwa heshima yangu, mimi nikiwa nimesimama nyuma yao. Walipotaka tena, nikawaongeza.

Nilirudi laini na njaa. Mke wangu hakuwa ameniwekea chakula, kwa sababu nilikuwa nimemwambia nitakula na wakubwa. Aliniangalia usoni, akawasha jiko.

Sasa tunaishi Sosiot, kwenye kipande chetu kidogo cha chai. Juzi binti yetu, anayefanya kazi Bomet, alikuja na chupa ya mvinyo ule ule. Tukachoma mbuzi. Nikammiminia yeye na mama yake, kisha nikajikuta nimesimama nyuma ya viti vyao.

"Baba, kaa chini," alisema. Akaichukua chupa mkononi mwangu, akanimiminia.

Huwa mnaniuliza kama kazi ile ilinipa heshima. Mimi tangu nistaafu nilikuwa najituliza kwamba sikukosa kitu, kwamba labda ule mvinyo ni uchungu tu ambao wakubwa wameuzoea. Nikatafuna nyama, nikaonja. Ulikuwa mzuri, mzuri kuliko nilivyokuwa nikiwaambia wageni. Hasira za usiku ule zikanipanda upya.