Siku Shangazi Alipoingia Sokoni kwa Pikipiki

Kijiji chetu, upande wa Pajulu, kiko karibu na mji wa Arua, Uganda, kiasi kwamba asubuhi tulivu tunasikia vipaza sauti vya sokoni. Lakini jitwike gunia la muhogo, utadhani mji umehama. Kwetu kila mtu ni mkulima mpaka saa nne, kisha anageuka mfanyabiashara.

Mume wa shangazi yangu alipoumia mgongo, pikipiki yake iliegemezwa ukutani kwa miezi, kuku wakilala juu yake. Alasiri moja shangazi aliwafukuza kuku, akaifuta, akaisukuma hadi uwanja wa shule. Nilimfuata mbio. Mumewe aliketi kwenye kiti pembeni akimfundisha. Majirani wakasema mwanamke wa umri ule anatafuta kifo. Shangazi alianguka mara mbili, akachubuka kiwiko, akainuka anacheka. Mumewe alimwambia tu asiachie klachi kwa pupa.

Wiki mbili baadaye, siku ya soko, alifunga gunia la muhogo nyuma kwa kamba za mpira, akaniambia nikae kati yake na mzigo. Nilimshika kiuno kwa nguvu hata kabla hajawasha. Tulipotokea barabarani, wanawake waliokuwa wakitembea na mizigo kichwani walisimama. Mmoja alitua beseni lake chini ili apige vigelegele vizuri. Vumbi likapanda, upepo ukanijaa mdomoni, nami nikajikuta nacheka bila sababu.

Mjini, kwenye kituo cha bodaboda, wanaume waligeuka kumtazama. Kisha dereva mmoja mwenye mvi akasogeza pikipiki yake.

“Mama, weka hapa,” alisema. “Leo wewe iko mwenzetu.”

Shangazi alishukuru, akazima injini. Aliposhuka alijipangusa vumbi usoni. Aliniuliza kama niliogopa. Nikadanganya kwamba hapana.

“Mimi niliogopa mpaka tulipovuka daraja la njiani,” akasema. “Baada ya hapo nilitaka barabara isiishe.”

Muhogo uliisha kabla ya adhuhuri, maana watu walikuja kumtazama wakaishia kununua. Habari ilitutangulia nyumbani. Jioni tulikuta wanawake watatu uani, wakiuliza masomo yanaanza lini. Mmoja alikuwa tayari amevaa suruali ya mwanawe chini ya gauni.